Zamu kwenye Ngome ya Plasta

Jumatatu, 4 Agosti

Basi limechelewa tena. Dereva anasema foleni. Saa kumi alfajiri kuna foleni gani? Tumefika ngomeni saa kumi na mbili kasorobo na shati tayari limenigandia mgongoni.

Ngome. Bado nacheka nikiliandika neno hili. Mbao na plasta iliyopakwa rangi ya mawe, katikati ya mchanga, nje ya Dubai, mwendo wa dakika arobaini ukishaupita mtaa wa Al Warqa. Ilijengwa kwa ajili ya filamu ya Warumi. Filamu imeahirishwa mpaka joto lipungue. Waigizaji wamerudi kwao kwenye baridi, ngome imebaki. Na kilichobaki lazima kilindwe. Huku hata ukuta wa uongo una mwenyewe.

Minara minne, walinzi wanne. Mimi kusini, juu ya lango. Okello, Mganda, yuko kaskazini. Mashariki na magharibi kuna Wanepali wawili, watu wa kimya, wanakula pamoja na kucheka pamoja. Msimamizi wetu ni Mwangi, Mkenya. Yeye anakaa kwenye kontena lenye kiyoyozi kule barabarani, kilomita nzima kutoka hapa, na redio yake na chai yake.

Minara haina paa. Tunaambiwa paa litawekwa na kompyuta baadaye. Sisi wa sasa tumejifungia vipande vya turubai. Bila hivyo hapakaliki.

Mwezi wa nne huu tangu nitolewe lindo la Marina, mjini. Kule nilikuwa nafungua mlango wa kioo, ubaridi mpaka kwenye mifupa. Madam mmoja akalalamika kwamba simchangamkii mbwa wake. Wakanileta kulinda mchanga.


Jumanne, 5 Agosti

Nyuzi joto arobaini na sita. Simu imezima yenyewe kwa joto.

Kila saa Mwangi anaita minara kwenye redio, mmoja mmoja. Kusini? Hali shwari. Kaskazini? Hali shwari. Asiyeitika anafuatwa na gari. Mapumziko hakuna. Mafundi wa ujenzi wana saa zao za kupumzika mchana, sheria inawalinda. Kampuni yetu inasema mlinzi hafanyi kazi, anasimama tu.

Kwa hiyo tunaitikiana. Mmoja anashuka ndani ya mnara, chini, kwenye kivuli cha mbao, anajilaza saa nzima. Mwenzake anaitika mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya aliyelala. Wanepali wanafanya hivyo. Mimi na Okello tunafanya hivyo. Namwigiza Okello kuliko Okello mwenyewe. Koo zito, Kiswahili cha kambini tunakolala walinzi: "North iko sawa, afande, hakuna maneno." Mwangi hajawahi kushtuka.

Na huyu ni mimi, mwalimu wa darasa la tano Urambo, niliyekuwa nikiwachapa watoto kwa kuwaitikia wenzao watoro. Mungu ana kumbukumbu.

Okello ana tabia moja inayoniudhi. Zamu yangu ya kulala ikifika, kabla hajaniitikia anarusha kokoto. Inagonga ubao wa mnara wangu, ko! Sharti nami nigonge ubao, ndipo aitike. Usingizi wote unakatika. Leo nimemwambia waziwazi aache. Akasema: "Mwalimu, mimi siwezi sema mtu iko mzima kama mimi sijui iko mzima." Ukaidi wa kijeshi. Mimi simrushii kitu. Namwacha mtu mzima apumzike.


Alhamisi, 7 Agosti

Kuna mama mmoja wa Kiingereza alikuwa akiwashauri watu wa filamu mambo ya historia. Alipoondoka aliacha kijitabu kwenye sanduku pale langoni. Kinaeleza ngome kama hizi na waliokaa ndani yake. Nimekisoma chote tangu Jumatatu. Leo nimemsomea Okello tukingoja basi la kurudi, nikimfasiria.

Nilidhani mpakani walikaa Warumi. Wapi! Waliwekwa watu wa kuja, waliitwa wasaidizi. Watu wa Shamu walipelekwa kwenye mvua na ukungu, watu wa mvua wakaletwa jangwani. Kusudi. Kijitabu kinasema kuna wakati wasaidizi waliasi karibu na kwao, na baada ya hapo wakubwa wakaona heri mtu alinde mbali na shangazi zake. Hilo nimelielewa bila mwalimu.

Miaka ishirini na mitano ya utumishi. Ukiimaliza ungali hai unapewa bamba la shaba limeandikwa jina lako, nawe unakuwa raia, wewe na wanao.

Okello akahesabu kwa vidole. Tisa jeshini Uganda. Sita akilinda mageti ya kambi za Wamarekani huko Iraki. Minne hapa. Kumi na tisa. "Imebaki sita tu, mwalimu. Nakuja kuchukua shaba yangu." Akacheka mpaka akakohoa.

Mimi sikucheka sana. Sisi hata tukae hamsini, mwisho wake ni tiketi ya ndege na mkono wa kwaheri.

Kuna ukurasa wenye ripoti ya zamu ya ngome moja, waliandika kwa wino kwenye vibao vyembamba. Waliopo. Walioazimwa kituo kingine. Wagonjwa. Wenye macho mabovu. Okello, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa vumbi tangu mwezi wa sita, alinitaka nimsomee hiyo mara mbili. Akasema hao ni sisi.


Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya mapumziko. Tumeshuka Bur Dubai mimi na Okello. Alikuwa anatafuta kitambaa cheupe cha gauni la kipaimara la binti yake, Lamaro. Tumezunguka maduka tisa. Anabishana bei kwa Kiarabu cha Iraki, wenye maduka Wahindi, hakuna anayemwelewa mwenzake, na kila mtu anaondoka ameridhika. Alipokipata alikikunja mara nyingi kikawa kidogo kama kitabu cha sala.

Akampigia mkewe kwa video, pale pale njiani, amwonyeshe. Akanisukumia simu. Mama Lamaro ana uso mpana, sauti ya chini. "Mwalimu, ndiyo wewe unaangalia bwana yangu huko?" Nikasema ndiyo, shemeji, tunaangaliana.


Jumapili, 10 Agosti

Mwangi kaja mwenyewe na gari. Ukimwona ngomeni ujue kuna balaa. Kesho wanakuja wageni, watu wanaotaka kuweka mtaji kwenye filamu. Watapiga picha kutoka juu kwa kamera ya kuruka. Turubai zote zishuke leo, zinaharibu sura.

Halafu akafungua masanduku ya mavazi. Kesho tusimame juu ya minara tumevaa. Wageni wasikute ngome tupu. Joho jekundu la sufu, zito kama blanketi la hospitali. Kofia ya bati yenye masikio. Mkuki. Fulana ya minyororo ya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, haipitishi hewa hata chembe.

Nikamuuliza, kwa jua hili? Akasema: "Ni ka-one hour tu, buda. Wakienda mnavua. Usiniletee siasa."

Wanepali wamejipiga picha na mikuki, wamewatumia wake zao. Okello amejaribu kofia yake, akaikaza mkanda, akajitazama kwenye kioo cha gari la Mwangi. Ilimpendeza. Mimi nilionekana kama sufuria.

Nimekasirika kutwa. Sijui nimemkasirikia nani.


Jumatatu, 11 Agosti

Okello kaanguka. Yuko hospitali. Leo siandiki.


Jumanne, 12 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio, kama ripoti.

Jana saa nne wageni walifika, magari matano. Tulikuwa juu, tumevaa. Kamera ikazunguka juu yetu kama nyigu. Saa tano na nusu wakaondoka. Mwangi akasema redioni: "Mkae hivyo hivyo. Wanaweza rudi after lunch. Nitawaambia mvue lini."

Hakutuambia.

Saa sita nilivua bila ruhusa. Nikashuka nikakaa kwenye kivuli cha lango, maji nikajimwagia kichwani. Wanepali nao walivua, niliona majoho yao yakining'inia. Okello alikuwa bado amesimama, mkuki mkononi. Nikampungia avue. Akatikisa kichwa. Nikamwelewa. Amri ilikuwa haijatoka, naye ni mtu wa amri. Nikamwita mjinga, kwa sauti, ila hakusikia.

Nikapanda tena juu kwa ajili ya redio. Saa saba Mwangi akaita. Kusini, nikaitika. Kaskazini, kimya. Nikatazama. Okello haonekani tena juu ya mnara. Nikafurahi, wallahi nilifurahi. Nikasema moyoni, mzee kapata akili, kashuka kulala. Nikabonyeza redio, nikatoa lile koo zito. North iko sawa, afande, hakuna maneno.

Hakuwa ameniomba. Siku zote anayeshuka anaomba kwanza, anapunga mkono, mwenzake anajibu. Jana hakupunga.

Saa nane, vivyo hivyo. Saa tisa, vivyo hivyo. Mara tatu nimesema yu mzima. Kokoto zilikuwa tele pale nilipokaa.

Saa tisa na nusu nikampelekea maji. Chini ya mnara hapakuwa na mtu. Nikapanda ngazi. Alikuwa amelala nyuma ya ukingo, ndiyo maana sikumwona. Joho limemfunika, kofia ingali kichwani, mkanda umekazwa. Ngozi kavu. Inaunguza mkono. Macho nusu wazi, anapumua kwa kukoroma.

Nikapiga kelele kwenye redio kwa sauti yangu mwenyewe.

Gari la wagonjwa lilichukua dakika thelathini na tano. Vijana wawili. Yule wa mbele alipotokeza kichwa juu ya ngazi alisimama kwanza. Mtu mweusi amelala na joho jekundu na fulana ya minyororo. Kama sekunde moja tu. Halafu wakaingia kazini, wakamkata mavazi kwa mkasi. Hawakuwa na kosa lolote, walifanya kazi yao vizuri.

Hospitali daktari aliniuliza, ameanguka tangu saa ngapi? Nikasema robo saa kabla sijaita msaada.

Uongo ulitoka wenyewe. Haukusukumwa na mtu.


Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda hospitali asubuhi, kwa ruhusa ya nusu siku, kwa teksi. Nilikwenda kwa nia moja, kumwambia daktari ukweli kuhusu saa. Nilimkuta. Alinieleza kwa upole kwamba figo na ini vimeunguzwa na joto, kwamba wanajaribu. Akaniuliza kama mimi ni ndugu. Nikasema rafiki. Akasubiri kidogo, kama anayejua kuna neno linakuja. Nikamshukuru, nikatoka.

Ni mwoga mimi. Sikujua kiasi hiki.

Jioni Mwangi amenisubiri kambini na karatasi. Maelezo ya shahidi, yameshachapwa, jina langu chini. Yanasema mlinzi wa kaskazini aliitika saa saba, saa nane na saa tisa, kama kitabu cha redio kinavyoonyesha. Alikuwa na maji ya kutosha. Aliugua ghafla baada ya saa tisa. Inadhaniwa ni moyo. Joho halimo. Kofia haimo. Turubai hazimo.

"Kitabu iko clear, buda. Ameitika mwenyewe, sindiyo?" Alinitazama machoni alipouliza. Anajua. Sidhani kama alijua zamani, lakini jana ameketi akafikiri, akajua. "Ukianza kugeuza story unatuchoma wote. Mimi, wewe, hao Wanepali. Na hiyo haiamshi Okello."

Mwangi si shetani. Ameogopa kama mimi.

Nimemwambia nitaisoma. Akasema kesho, yalla, mwisho kesho.


Alhamisi, 14 Agosti

Nimesaini.


Alhamisi, baadaye

Niandike kwa nini, angalau hapa. Kwa sababu nina watoto watatu Urambo na mama asiyeona. Kwa sababu nikisema niliitikia kwa sauti ya mtu mwingine, kazi imekwisha, na pengine ni kifungo. Kwa sababu Okello anaweza kupona, akacheka, akasema, mwalimu wewe nasumbua sana. Hiyo ya tatu ndiyo niliyoishikilia nilipokuwa nashika kalamu.


Ijumaa, 15 Agosti

Amefariki leo saa nne asubuhi. Okello, mnara wa kaskazini. Umri arobaini na tano.

Sikuwepo. Nilikuwa msikitini, nimewahi safu ya mbele, namwombea Mkristo. Simu iliita mfukoni sikuipokea.


Jumamosi, 16 Agosti

Kazini. Kaskazini wameleta mtu mpya, Mganda mwingine, kutoka Mbale. Mnara umeshafagiliwa. Turubai zimerudishwa, tena mpya, imara, zina kamba za nailoni.

Saa saba Mwangi alipoita kaskazini, yule mpya akaitika kwa sauti yake. Nilikuwa nimeziba masikio.

Nimefungua kile kijitabu ili nisifikiri. Nimekosea. Kuna ukurasa wa mawe ya makaburi ya wale wasaidizi. Jiwe linataja jina la marehemu, watu wake, umri wake, miaka aliyotumikia. Chini linataja aliyelisimamisha. Mara nyingi ni askari mwenzake, ndiye mrithi, maana ndugu hawapo karibu. Mtu wa kuja anamwandika mtu wa kuja. Kama mwenzake naye ni mwongo, jiwe zima ni uongo, na baada ya miaka elfu mbili watu wanalisoma na kusadiki.

Nikarudi kwenye ile ripoti ya zamu. Waliopo. Wagonjwa. Mama wa Kiingereza ameisifu sana, anasema inatupa hakika ya nani alikuwa wapi siku ile. Hakika! Mimi nimetazama neno hilo la waliopo kwa muda mrefu. Mwandishi wa zamu alikuwa na jua kichwani, ana usingizi. Nani anajua kama alipanda kila ngazi? Labda aliona joho limetundikwa, akaandika yupo.

Sasa nalijua jambo lenyewe, nimelikwepa wiki nzima. Kwenye karatasi Okello alikuwa mzima mpaka saa tisa. Akiwa mzima mpaka saa tisa, basi ni moyo wake. Ikiwa ni moyo wake, kampuni haina neno, na Mama Lamaro anapelekewa sanduku na salamu za pole. Lakini ikiwa ni jua, tangu kabla ya saa saba, ndani ya sufu aliyoamriwa kuvaa, basi ameuawa na kazi, na mkewe ana haki ya kulisema hilo mbele ya mtu yeyote. Mwenye kujua kuwa ilikuwa kabla ya saa saba ni mimi peke yangu. Saa tisa ya Okello niliitengeneza mimi, kwa koo langu.


Jumatatu, 18 Agosti

Nimekwenda polisi.

Nilichukua siku ya ugonjwa. Niliketi kwenye kiti cha plastiki tangu saa mbili. Mara mbili nilisimama nikafika mlangoni. Mara ya pili askari wa pale akaniuliza kama nimepotea. Nikasema hapana, nimefika.

Afisa kijana, mkalimani Msudani aliyewahi kuishi Mombasa. Nimesema yote. Turubai, joho, amri iliyosahauliwa, mara tatu za redio. Mkalimani alisimama katikati, akanitaka nirudie, alidhani hakuelewa. Wewe ndiye uliyejibu? Kwa sauti yake? Ikabidi niwaonyeshe. Pale, mbele ya meza, saa tano mchana, nikatoa koo la Okello. North iko sawa, afande, hakuna maneno.

Afisa akaacha kuandika.

Akachukua karatasi niliyosaini Alhamisi, kampuni ilikuwa imeshaileta, akaniuliza kama saini ni yangu. Nikasema yangu. Akaniletea mpya, ndefu, ya Kiarabu, mkalimani akanisomea mstari kwa mstari. Nikasaini na hiyo. Akasema nisitoke nchini mpaka jambo liishe. Akaniongezea maji, bila ya kunitazama.

Nilitegemea nitatoka nimetua mzigo. Hakuna. Ni uzito ule ule, ila sasa una muhuri.


Jumanne, 19 Agosti

Nimesimamishwa kazi. Nibaki kambini, nisikanyage ngomeni. Mwangi naye kasimamishwa, wamemchukua maelezo tangu asubuhi. Amenipitia mlangoni na begi lake. Nilidhani atanitukana. Akasema tu, "Ungeniambia kwanza, bro," akaenda zake.

Mambo ya kuitikiana yamekwisha. Kuanzia leo kila mlinzi ajipige picha ya uso kila saa, yenye saa na mahali. Vituo vyote vya kampuni. Kwa hiyo zaidi ya watu mia kambini humu leo wamekosa saa yao ya usingizi kwa ajili yangu. Nilipoingia kula, benchi likawa tupu. Wale Wanepali wawili walikuwa meza ya pili. Mmoja alinisogezea chumvi. Mwingine akamtazama, naye akageuza uso.

Siwalaumu. Mimi kwenye nafasi yao ningehama meza nikiwa wa kwanza.


Jumatano, 20 Agosti

Nimempigia Mama Lamaro.

Polisi hawakuniagiza. Ubalozi wao utamwambia, siku moja, kwa barua. Sikutaka ausome ukweli kwenye barua ukiwa umepigwa pasi. Niliandika kwanza kwenye karatasi nitakavyosema, kama andalio la somo. Alipopokea nikaitupa.

Nikamweleza. Sikupunguza. Nilimwambia mume wake hakulala, hakutega kazi, hakuugua moyo. Alisubiri amri ifutwe na aliyeitoa, na aliyeitoa alisahau. Alianguka kabla ya saa saba. Mimi nilimkuta saa tisa na nusu. Katikati hapo nilikuwa hatua arobaini kutoka kwake, na nilisema yu mzima mara tatu, na daktari nilimdanganya.

Nilisikia kuku, na mtu akitwanga kitu mbali.

"Kama kwa redio wangesikia yeye nanyamaza, gari ingekuja?"

Nikasema ndiyo, shemeji. Ndiyo utaratibu. Asiyeitika anafuatwa na gari.

"Saa saba gari ingekuja."

"Ndiyo."

Hakulia. Ningefurahi angelia, au angenilaani, ningejua pa kuweka mikono yangu. Akanishukuru kwa kwenda polisi. Alisema hivyo kabisa, "asante kwa hiyo." Halafu akasema: "Sasa usipige hapa tena. Watoto wataniuliza huyu ni nani, na mimi sitaki waambia."

Akakata.


Jumatatu, 25 Agosti

Polisi wameniita tena, saa mbili nzima. Wamekuwa na watu wa idara ya kazi na daktari wa maiti. Mkalimani kaniambia kando kwamba daktari naye kaandika joto, si moyo. Jambo linakwenda. Mimi wataniamulia baadaye.

Mwili wameuruhusu.

Mama amenipigia kutoka Urambo. Kasikia sauti yangu, kaniuliza kama nina homa. Nikasema vumbi tu. Nimemdanganya na yeye. Lakini leo nimejua nadanganya.


Jumamosi, 30 Agosti

Mganda wa Mbale amekuja akasimama mlangoni kwangu, hakuingia. Amesema wanamzika leo Gulu, saa nane mchana. Kwetu huku ni saa tisa.

Kitambaa cha kipaimara kilisafiri kwenye sanduku lake la nguo. Huyu wa Mbale ndiye aliyekifunga.

Chumba kitupu, wenzangu wote wako zamu. Nimefua shati. Nimelianika kwenye kitanda cha juu. Saa nane na nusu nimekaa, simu magotini. Saa tisa imefika. Imepita.

Sikupiga.